Picha yangu, konzi ya unga na watoto wa Tirunelveli

Mahali fulani huko Australia, kama hawajahama nyumba au kufariki, kuna watu wana picha yangu nikiwa na miaka tisa. Nimevaa gauni la bluu lenye kola nyeupe. Gauni si langu. Lilikuwa la binti wa mwalimu wa kituo cha watoto wenye wafadhili, na siku ile tulilivaa wasichana sita, mmoja baada ya mwingine, nyuma ya kanisa la kijijini kwetu Makang'wa. Ukishapigwa picha unavua, anavaa mwenzako. Mimi nilikuwa wa nne, kwa hiyo lilinifikia na jasho la watu watatu. Mpiga picha akaniambia, "Cheka kidogo tu, wasije wakadhani umeshiba."

Na nilikuwa nimeshiba kweli. Ilikuwa Mei, na anayeijua Ugogo anajua Mei ni nini: uwele umeanza kuvunwa, maboga yamejaa uani, hata mbwa wananenepa. Angekuja Januari, wakati ghala la bibi linasikika likikwanguliwa chini, asingehitaji kunifundisha namna ya kukaza uso.

Halafu zilikuwepo barua, kila baada ya miezi mitatu. Mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunanakili. "Mpendwa mfadhili, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Napenda kuimba kwaya na napenda hisabati." Kituo kizima kilipenda hisabati. Kama wafadhili wetu walikuwa na kawaida ya kuonyeshana barua, sijui walitufikiriaje.

Sisemi haya kwa ubaya, na jina la shirika nalimeza. Ada yangu ililipwa mpaka kidato cha nne. Mwaka ambao macho yangu yalitaka kuharibika kwa trakoma, pesa zao ndizo zilizonifikisha hospitali ya Mvumi. Leo ninakaa nyuma ya kompyuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma mjini, nahesabu mabati na misumari ya watu wanaojenga Mtumba na Ihumwa, nikiitwa mhasibu. Kwa hiyo huenda walinitabiria tu hiyo hisabati. Lakini gauni lile sijawahi kulisahau, na Julai 2024 lilinirudia nikiwa kanisani.

*

Kanisa letu liko Chang'ombe. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya misheni, cheo ambacho hakina posho ila lawama kinazo za kutosha. Jumapili hiyo tulikuwa na mgeni, mhadhiri mmoja Mhindi anayefundisha chuo kikuu hapa hapa mjini. Mchungaji alikuwa amekutana naye kwenye mazishi, wakajikuta wanaimba tenzi zilezile, kila mmoja kwa lugha yake. Anatoka Tirunelveli, jimbo la Tamil Nadu, chini kabisa karibu na ncha ya India, na ni muumini wa Kanisa la India Kusini. Hilo ni kanisa ambalo Waanglikana, Wamethodisti, Wapresbiteri na Wakongregeshenali waliamua kuwa kitu kimoja Septemba 1947, hata miezi miwili haijapita tangu nchi ipate uhuru. Sisi hapa kwaya mbili za kanisa moja hatujakubaliana nani aimbe kwanza.

Mchungaji alipotangaza kwamba mgeni atasema habari za watoto maskini wa vijijini India, kijana mmoja wa kidato cha pili aliyekaa mbele yangu alimgeukia mwenzake: "Mhindi maskini?" Wakacheka kwa mabega.

Nami ningecheka umri wao. Hapa Dodoma Mhindi tunamjua akiwa nyuma ya kaunta. Bosi wangu mwenyewe ni Mhindi wa hapa hapa, amezaliwa Dodoma, Kiswahili chake kinanishinda mimi kwa methali, na babu yake alikuja kwa jahazi kutoka Kutch, magharibi mwa India. Au tunamjua Mhindi wa sinema, anayelia akiimba juu ya mlima. Mhindi anayelala njaa hayumo kwenye kichwa cha mtoto wa Chang'ombe, sawasawa na huko nje ambako Mgogo asiye na fimbo na mbuzi hayumo kwenye kichwa cha mtu.

Mgeni alikuja na kompyuta na picha arobaini. Projekta ikawashwa, ukutani ikatokea picha ya kwanza, barabara ya udongo mwekundu na mitende mirefu. Umeme ukakatika. Tukasubiri. Mtu akaenda kuangalia jenereta, akarudi akisema haina mafuta. Basi mgeni akafunga kompyuta, akasogea mbele, akaanza kusimulia kwa Kiingereza huku mchungaji akitafsiri. Sijui kama mimi peke yangu ndiye niliyemshukuru Mungu kwa giza lile.

Alisimulia kuhusu mama yake. Kila alipopika, kabla ya kuosha mchele, mama huyo alichota mkono mmoja akautia kwenye chungu kidogo kilichokaa peke yake. Mchele wa Mungu. Jumapili unapelekwa kanisani, unauzwa, pesa inasomesha watoto na kuwalipa wainjilisti. Mchungaji alipofika kwenye "mkono mmoja wa mchele" akatafsiri "konzi ya mchele", na safu nzima ya watoto ikaangua kicheko, maana kwao konzi ni ile wanayopigwa kichwani na mwalimu wa zamu. Mgeni hakujua kwa nini wanacheka, akacheka nao.

Akasema desturi hiyo ina nguvu zaidi kwingine, Mizoram, milimani kaskazini mashariki, mpakani na Myanmar. Wenyewe wanaiita buhfai tham, waliianza mwaka 1910, na mpaka leo kanisa la Wapresbiteri la huko linatuma wamisionari wake sehemu nyingine za India kwa nguvu ya konzi hizo. Mizoram ina Wakristo 87 katika kila watu 100. India nzima, kwa sensa ya 2011, Wakristo ni wawili na kitu katika kila mia. Huko kwenye milima ambako barabara ilikuwa shida na fedha hakuna, wanawake walisema hatuna pesa, lakini kula tunakula, basi tutoe kwenye kula.

Hapo nilikaa vizuri kwenye benchi. Maisha yangu yote nilizoea misheni inayotoka kwa mtu mwenye gari. Askofu Chambers na Waaustralia wake walikuja Dodoma dayosisi ilipoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na kabla yao Waingereza wa CMS, chama cha wamisionari wa Anglikana, walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870. Hospitali, shule, hata ule mti uliopandwa mbele ya kanisa, vyote vilitoka kwa wenye navyo. Sikuwahi kumfikiria mwanamke mwenye chungu kitupu nusu akituma mmisionari.

*

Kuhusu watoto wenyewe, alisema mambo ambayo sikuyategemea. Kwanza, kwamba chakula cha mchana shuleni wanacho. Waziri kiongozi wa jimbo lao, Kamaraj, alianzisha chakula cha shule mwaka 1956 kwenye mji wa Ettayapuram, si mbali na kwao, na mwaka 2001 Mahakama Kuu kabisa ya India ikaamuru chakula kilichopikwa kitolewe katika shule za msingi za serikali nchi nzima. Akina mama walitazamana. Hapa uji wa shule unategemea kama wazazi wamechanga debe la mahindi.

Shida inaanza mtoto akifika miaka 14. Haki ya elimu bure kisheria inaanzia miaka 6 na kuishia hapo. Sekondari iko mbali, nyumbani kuna mkopo wa mwenye duka, na kuna bidi. Bidi ni zile sigara ndogo za jani. Wanawake wa vijijini huko wanazisokota kwa maelfu, wamekaa barazani na sinia mapajani: jani, tumbaku, uzi. Binti akirudi shule anakaa pembeni ya mama anafunga ncha. Haitwi mfanyakazi, anaitwa mtoto anayemsaidia mama. Siku moja anaona hakuna haja ya kurudi shule. Kwa hiyo kanisa lake lina bweni la wasichana kwenye mji mdogo wenye sekondari, na hilo bweni ndilo alilokuja kutuelezea. Godoro, taa, mlezi anayekaa nao, na barua kwa wazazi kila anapotokea mposaji.

Wengi wao ni Wadaliti, wale waliokuwa wakiitwa watu wasiogusika. Hapo alisema kitu ambacho mchungaji ilibidi akiulize mara mbili ndipo akitafsiri: Mdaliti akiwa Mhindu, Kalasinga au Mbudha, serikali inamhesabu katika kundi linalotengewa nafasi za masomo na kazi. Akiwa Mkristo, amri ya rais ya mwaka 1950 haimhesabu. Yaani ubatizo unaweza kumgharimu mtoto nafasi ya chuo. "Kwa hiyo," mgeni akasema, "mtu asiwaambie kwamba watu wetu walibatizwa kwa kufuata mchele."

*

Kamati ilikaa Jumatano. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu, akaanza: "Ndugu zangu, Wahindi wameshafika mwezini." Ni kweli, Agosti 2023 chombo chao kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi, wa kwanza kufika huko. "Wao wana roketi, sisi Bahi tuna watoto wanaolala na njaa. Tunapeleka wapi sadaka?"

Swali la haki kabisa. Mama mmoja akamjibu kwamba hata sisi hapa Dodoma tuna treni ya umeme tangu mwezi huo wa saba, na kijijini kwake bado wanachota maji kwenye korongo la mchanga, kwa hiyo roketi ya serikali isihesabiwe mfukoni mwa mtoto. Mabishano yakaenda na chai yote.

Mimi nilikuwa napinga pia, ila kwa jambo jingine. Katibu, kijana mchapakazi, alikuwa ameshaandaa mpango: tuchague wasichana kumi, watutumie picha na majina, tuzibandike kwenye ubao pale mlangoni, kila familia ichukue mmoja. "Watu wakiona sura wanatoa," akasema. Na ni kweli wanatoa. Nikasikia mdomo wangu unasema ubao huo ukibandikwa, daftari la hazina nitalikabidhi siku hiyohiyo.

Kimya. Mchungaji akaniuliza, "Mama, kuna nini?"

Nikawasimulia gauni la bluu. Miaka kumi na moja niko nao kanisani, hawakuwa wakijua kwamba nilikuwa mtoto wa mfadhili. Nilisimulia vibaya, nikaanzia katikati, nikarudi nyuma. Nilipofika kwenye "wasije wakadhani umeshiba" mzee wa roketi alicheka kwanza, kisha akavua kofia akaiweka mezani.

Mgeni alikuwa amealikwa kujibu maswali, na wakati wote huo mchungaji alikuwa anamnong'oneza tafsiri. Akaomba neno. Akasema kutoka kwenye kijiji cha Vellalanvilai, upande wa kwao, alitoka mtoto wa mchungaji aitwaye Azariah, ambaye mwaka 1912 akawa Mhindi wa kwanza kuwekwa askofu wa Anglikana, huko Dornakal. Miaka miwili kabla, mwaka 1910, aliitwa Edinburgh kwenye mkutano mkubwa wa wamisionari wa dunia. Ukumbi umejaa wazungu waliotoa kila kitu kwa ajili ya India. Akawashukuru. Akawaambia mmetoa mali zenu kulisha maskini, mmetoa miili yenu iungue, nasi tunaomba pia upendo. Tupeni marafiki. Inasemekana si wote ukumbini waliofurahi, nami naamini: ningekuwa nimetoa mwili wangu uungue, nisingependa kuambiwa bado nadaiwa urafiki.

Katika wilaya hiyohiyo ya Tirunelveli ndiko Dohnavur, ambako Amy Carmichael, mwanamke wa Ireland, alilea mamia ya watoto kuanzia 1901, wa kwanza wao akiwa msichana wa miaka saba aliyetoroka hekaluni. Watoto walimwita Amma, mama. Alikuwa na msimamo wa kutoomba watu pesa. Aliomba tu, yaani kwa Mungu. Alipofariki Januari 1951 aliwakataza wasimwekee jiwe la kaburi, nao wakaweka bakuli la ndege kunywea maji, limeandikwa neno moja tu, Amma. Mgeni alishawahi kusimama pale. Nilipenda habari ya bakuli. Habari ya kutoomba pesa, niseme ukweli wa mweka hazina, nilimwachia Amma mwenyewe.

Tukakubaliana: hakuna picha, hakuna mtoto wa fulani na fulani. Konzi tu, kwa bweni zima.

*

Sasa hapa ndipo wasomi tulipojua hatujui.

Wanawake wa Mizoram wanatoa mchele, na mchele ni mchele. Sisi Agosti tuligawa makopo kwa nyumba 31, zikarudi nyumba 22. Nikafungua la kwanza: sembe. La pili: dona. La tatu uwele, la nne mtama, la tano sembe imechanganywa na kitu ambacho mpaka leo nadhani ni sabuni ya unga. Mawili yalikuwa na fukuzi wanatembea. Binti anayenisaidia akauliza, "Mama, tunamimina wote humu?" Nikamwambia mimina, maana nilikuwa na mfuko mmoja.

Mizani ikasoma kilo 39. Nani ananunua unga wa nafaka nne wenye wadudu? Kuna mama jirani na kanisa anayepika pombe ya komoni, akaja mwenyewe kwa moyo mweupe kuulizia bei. Akina mama wa Umoja wakapiga kelele kana kwamba nimeshamuuzia. Mwishowe ukaenda kwa mfuga nguruwe wa Nkuhungu kwa shilingi 600 kilo. Shilingi 23,400. Sadaka ya wajane, ikaliwa na nguruwe. Kijana wa kidato cha pili alikuwa na la kusema, nikamwangalia akanyamaza.

Basi nikafanya ninachokijua. Nikachukua konzi yangu ya unga dukani, nikaiweka kwenye mizani ya misumari midogo: gramu 65. Sembe ilikuwa 1,500 kilo. Konzi moja ni shilingi 97 na senti hamsini. Nikatangaza Jumapili: chota konzi yako kama kawaida, iangalie, irudishe ndooni, kisha tia shilingi 100 kwenye kopo. Mzee mmoja akauliza kwa nini achote kama anairudisha. Nikamwambia nataka mkono wake ujue. Sikuwa nimejiandaa na jibu hilo, lilitoka tu, lakini nyumba zilipanda zikawa 38.

Mwanangu wa miaka saba ndiye alinichunguza kuliko mkaguzi. Nikisahau ananikumbusha maji yakianza kuchemka: "Mama, konzi." Siku moja sarafu haikuwepo, nikamwambia tutaweka mbili kesho. Akaleta ya kwake ya kununulia ubuyu, akanidai asubuhi.

Septemba zikaingia 97,400, Oktoba 108,300, Novemba 91,000 kwa sababu ya mbegu na kulima. Bosi wangu aliliona kopo langu mezani akaniuliza ni la nini. Nikamweleza. "Tamil Nadu?" akasema. "Dada, huko hata mimi mgeni. Lugha yao siijui neno moja." Akafikiri kidogo, akatia noti ya elfu kumi, akaendelea kugombana na dereva wa saruji.

Jumla 330,100. Kama rupia elfu kumi na kidogo.

*

Hazikwenda.

Kosa ni langu kuulizia mwisho badala ya mwanzo. India wana sheria ya michango ya nje, ya mwaka 2010, ikakazwa 2020. Taasisi haipokei senti kutoka nje bila usajili maalumu au kibali cha serikali. Ikishasajiliwa, pesa lazima iingie kwanza kwenye akaunti katika tawi moja tu, tawi kuu la State Bank of India pale New Delhi, hata kama wewe uko kilomita elfu mbili kusini. Ukishaipokea huruhusiwi kuigawia taasisi nyingine, na ya uendeshaji isizidi asilimia 20. Machi 2017 hata Compassion, shirika la kufadhili watoto ambalo hapa Tanzania tunalifahamu kwa vituo vyake makanisani (silo lililonisomesha mimi), lilifunga kazi India baada ya serikali kuzuia pesa zake zisiingie. Watoto zaidi ya 140,000 walikuwa kwenye huduma. Nilisoma habari hiyo nikiwa kwenye daladala ya Nkuhungu, nikapitiliza kituo. Nilikuwa nawaza barua: kuna watoto walioandika wakangoja jibu.

Bweni letu lilikuwa na usajili, umekwisha muda, wameomba upya, wanangoja. Nikamwambia mhadhiri, basi si uipokee wewe kwenye akaunti yako, ukienda likizo uwape mkononi? Alinitazama kwa upole kama mtu anayemkatalia mtoto kisu. Akasema hiyo ingekuwa kuvunja sheria, na siku mtu mwenye nia mbaya akitafuta sababu ya kulifunga bweni, sababu hiyo itakuwa na saini ya Dodoma. Akaongeza kwamba majimbo kadhaa yana sheria dhidi ya kubadilisha watu dini kwa ushawishi, na risiti ya kigeni yenye neno "uinjilisti" mezani kwa wasichana wa miaka 15 inaweza kusomwa vingine.

Kamati ilinuna. Mzee wa roketi hakusema "niliwaambia", nami nilimhesabia hilo.

Aliyeuliza swali la maana alikuwa mwalimu wa watoto: "Na barua nazo zina sheria?"

Barua hazina. Mhadhiri alikuwa anaondoka katikati ya Desemba kwa likizo ya Krismasi, na begi lake lilikuwa na nafasi.

Jumamosi tukawakalisha watoto 17 kwenye benchi za nje, chini ya mwarobaini. Mwalimu akashika chaki, kwa mazoea tu, akaandika ubaoni "Mpendwa rafiki". Nikamwomba aache hapo hapo. Asiandike zaidi.

"Sasa waandike nini?"

"Watakachoandika."

Ilikuwa tabu. Nusu saa nzima kalamu zinatafunwa. Tulivyozoea kunakili hatuzoei tena kusema. Kisha mmoja akaanza, na wengine wakachungulia kwake, na hatimaye zikatoka barua ambazo mwalimu alitaka kufuta theluthi mbili. Mvulana aliandika kwamba bodaboda ya baba yake imeibiwa na sasa baba halali vizuri. Msichana akachora mbuyu, chini akaandika, "Huu uko hai ila unaonekana umekufa mpaka mvua." Mwingine akauliza kama ni kweli Wahindi wote wanajua kucheza. Kijana wa kidato cha pili, yule wa kucheka kwa mabega, aliuliza: "Kwenu mwalimu anapiga konzi au fimbo?" Nilisimamia tu tahajia. Mhadhiri akazitafsiri kwa mkono usiku, Kiingereza kwenda Kitamil, baada ya mchungaji kuzitoa kwenye Kiswahili. Mbuyu haukuhitaji kutafsiriwa.

Pesa bado ipo. Kwenye daftari imeandikwa "Tirunelveli, inasubiri", na kila mwezi kopo zinaendelea kuongeza. Kama usajili wao hautatoka mpaka mavuno, kamati itakaa tena, na najua nani atataja Bahi kwanza. Safari hii huenda nikamuunga mkono.

Mwishoni mwa Januari mhadhiri alirudi na bahasha moja nene na pakiti ya kashata zao za ufuta ambazo watoto walisema ni zetu. Barua tisa, maandishi ya mviringo kama shanga. Watoto walizikagua pande zote, wakazitikisa. "Mbona hawajatuma picha?" Nikawaambia nanyi hamkutuma.

Akazisoma moja moja, mchungaji akitafsiri. Nyingi zilikuwa fupi na za adabu, na mbili nilihisi kuna mlezi aliyesimama nyuma ya bega. Ya saba ilikuwa ya msichana wa miaka 14. Alisema kwao mwalimu anapiga kwa rula. Alisema mama yake anasokota bidi na yeye hapendi harufu yake kwenye nywele. Aliuliza ule mti uliokufa kama mvua imeshanyesha. Kisha mhadhiri akasita, akatabasamu, akasema mstari wa mwisho ameandika hivi: "Mimi sipendi hesabu hata kidogo."

Nilicheka mpaka mama mchungaji akaniletea maji.